Akiba Haiozi? Tazama Maembe Yetu!

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote, wahenga hao hawakupita Makueni mwezi wa Februari. Wangepita, wangekanyaga maembe. Wangeyakuta chini ya miti kule Ukia, Kathonzweni na Kalawa, kisha wangevuka mto Athi waingie Kitui na kuyakuta tena yamepasuka, nzi wamejaa, na mbuzi wenyewe wameshiba wanayapita kama mawe. Na katika boma hilo hilo, asubuhi, mtoto ametumwa dukani akanunue mkate na kijikopo cha jamu nyekundu iliyotoka Nairobi kwa lori.

Wasomaji wapenzi, hilo ndilo linalonikera. Maoni yangu nitayasema mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kutafuta hoja zake. Kila nyumba ya Kitui na Makueni yenye miembe miwili au zaidi inafaa ipike maembe yake kwa moto wa kuni kila msimu, yakolee, yatiwe kwenye chupa, yaliwe mwaka mzima. Na shule kama yetu, yenye jiko kubwa, sufuria kubwa na mikono mingi isiyo na kazi Jumamosi alasiri, inafaa kuwa ya kwanza kuonyesha njia. Najua kuna watakaosema, "Hili nalo ni jambo la kuandikia makala?" Wacha nieleze.

Embe lina tabia moja mbaya. Halijui kungoja. Mahindi ukiyakausha yatakaa ghalani. Mbaazi na ndengu nazo zitakaa, ukizilinda na fukusi. Lakini miembe yote ya kijiji huiva kwa wiki chache zile zile, na embe lililoiva Jumatatu, Jumapili halifai tena. Mabroka wanajua hivyo kuliko sisi. Anakuja na pikapu, anasimama barabarani, anatazama mti kama mtu asiyetaka kitu, kisha anataja bei. Ukikataa anapanda gari lake, maana anajua baada ya siku nne utampigia simu mwenyewe. Nimeona baba mmoja wa kijijini kwetu akikataa shilingi kumi kwa tunda siku ya Jumanne, na Jumamosi akikubali shilingi nne. Hakuwa mjinga. Ni embe lililomshinda.

Tena broker hachukui kila kitu. Anataka embe la apple, lile la mviringo lenye shavu jekundu, na Kent na Tommy kama zipo, na Ngowe kidogo. Embe la kienyeji lenye nyuzi halitaki kabisa. Lenye doa halitaki. Lililoanguka lenyewe hata halitazami. Hayo yote yanabaki kwetu, na hayo ndiyo ninayoyaongelea.

Halafu kuna nzi. Mwaka 2003 waligunduliwa hapa nchini nzi wa matunda wa aina mpya, waliotoka bara la Asia, na tangu wakati huo wameharibu maembe kila mahali. Nzi hutoboa ganda, hutaga mayai ndani, na siku unayokata embe unakuta wenyeji wameshahamia. Kwa sababu yao, mwaka 2014 Kenya yenyewe iliamua kusimamisha kupeleka maembe katika nchi za Umoja wa Ulaya, na mlango huo haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Miaka saba! Fikiria mwanafunzi aliyeingia darasa la tano mlango ulipofungwa. Ulipofunguliwa alikuwa kidato cha nne.

Sitaki mtu aseme kwamba sijui juu ya kiwanda. Kiwanda cha matunda cha kaunti ya Makueni kipo Kalamba, kilifunguliwa mwaka 2017, nacho husaga maembe kuwa rojo la kuuziwa watengenezaji wa vinywaji. Mimi ni mmoja wa wanaokifurahia. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Kiwanda kiko mahali pamoja, na maembe yako kila mahali, tena yote wiki moja. Mama wa Mutomo au Zombe, ng'ambo ya Athi, mwenye miembe mitatu nyuma ya nyumba, hawezi kukodi gari ampelekee mtu debe sita. Nauli itakula maembe yote na kumla na yeye. Kwa mama huyo kiwanda ni mafiga matatu yaliyo hapo hapo uani, na mafiga hayo hayahitaji mwekezaji.

Sasa nije kwa wale wanaocheka. Nilipolitaja jambo hili bwenini, mwenzangu mmoja alisema, "Wewe unataka turudi nyuma, kukoroga sufuria kwenye moshi kama akina nyanya?" Nilimuuliza swali dogo. Ni nani aliyemwambia kwamba kukoroga ni kurudi nyuma?

Huko Marekani, katika milima ya Appalachia, kuna watu ambao mpaka leo, majira ya matufaha yanapofika, huwasha moto nje ya nyumba, huteleka chungu kikubwa cha shaba na kupika matufaha kutwa nzima. Humenya, hukata, hutia chunguni pamoja na maji ya matufaha yenyewe, kisha hukoroga kwa mwiko wa mti wenye mpini mrefu kuliko mtu, ili mkorogaji asimame mbali na moto. Hukoroga kwa zamu, majirani wote wamekuja, wazee wanapiga soga. Jioni matufaha yamekuwa rojo jeusi-jeusi lenye mdalasini na karafuu, nao huliita siagi ya matufaha ingawa halina siagi hata tone. Huliita hivyo kwa sababu hupakwa kwenye mkate kama siagi. Na hao ni watu wenye maduka yaliyojaa kila aina ya jamu! Hawapiki kwa kukosa. Wanapika kwa sababu walichokipika wenyewe wanakijua.

(Hapa niseme kitu kwa faida ya chama chetu. Sisi wa bara tukisikia tufaha tunafikiria lile tunda la madukani. Mpwani ukimtajia tofaa, anaweza kukuletea tunda lingine kabisa, jekundu, laini, lenye maji, la mti wa huko huko kwao. Na sisi huku tuna "embe la apple", ambalo si apple wala tufaha. Lugha nayo ina vituko vyake.)

Wala si lazima twende Marekani. Shuka Mombasa, au vuka mpaka Unguja, au hata Oman kwenyewe, utazame halua inavyopikwa. Karai kubwa la shaba, moto chini, wanga, sukari, samli, iliki, na mwanamume mwenye misuli anakoroga bila kupumzika, kwa sababu akipumzika inashika chini. Mwanamume, nimesema. Huko hakuna anayemcheka. Wageni wakija wanapewa halua na kahawa, na mpishi wake anaheshimiwa mjini. Basi kwani halua ikiwa heshima Mombasa, embe lililokolezwa Kitui litakuwaje ushamba?

Haya, tuingie jikoni. Nitaeleza jinsi inavyofanywa nyumbani kwetu, pamoja na mambo niliyoyaongeza kutoka darasani, maana kama elimu yetu haiwezi kuingia jikoni basi sijui inangoja nini.

Kwanza maembe. Chukua yaliyoiva vizuri, na katika kila kumi utie mawili ambayo hayajaiva sana. Watu wengi hudhani yaliyoiva mno ndiyo mazuri kwa sababu ni matamu. Utamu utapata, lakini jamu haitashika. Kile kinachoifanya jamu igande kinaitwa pektini, nacho hupungua tunda linapozidi kuiva. Lenye doa kata doa utupe. Lenye funza tupa lote, usinifanyie ubahili hapo. La kienyeji lenye nyuzi usilidharau, lina harufu kushinda yote, ila utalichuja.

Menya, kata nyama, acha kokwa. Kwa kilo kumi za maembe, yaani kama matunda ishirini na tano ya apple ya kadiri, utapata karibu kilo sita za nyama. Tia kwenye sufuria na maji kikombe kimoja tu, funika, chemsha mpaka ilainike kabisa, halafu uiponde kwa mwiko na kuipitisha kwenye chujio. Kama huna chujio kubwa, wavu safi wa mbu ambao haujawahi kutiwa dawa utafaa. Nasema ambao haujawahi kutiwa dawa, tafadhali.

Sasa sukari. Jamu ya dukani huwa na sukari nyingi, pengine kilo kwa kilo. Sisi hatuhitaji hivyo, kwa sababu tutaikausha kwa moto muda mrefu. Kwa kilo sita za nyama, kilo mbili za sukari zinatosha. Tia pia ndimu, maji ya ndimu sita au saba. Hapa watu hukosea wakidhani ndimu ni ya ladha tu. Embe lililoiva sana lina asidi kidogo, na mahali penye asidi kidogo vijidudu hufurahia kuishi. Asidi ndiyo askari wa chupa yako. Kama ndimu ni ghali, tuna mkwaju, ule tunaouita kithumula, ambao huku kwetu humea wenyewe kando ya mito. Watu wetu wameutia kwenye uji tangu zamani. Loweka ukwaju, kamua, chuja, tia maji yake. Rangi itakuwa nyeusi kidogo na ladha itakuwa na ukali fulani ambao mimi naupenda kuliko ndimu. Wenye meno laini wasinilaumu.

Kutoka hapo ni kukoroga. Rojo la embe likianza kuwa zito huruka. Linatoa mapovu makubwa polepole, puu, puu, na kila povu likipasuka linarusha tone la moto ambalo likikupata mkononi utaimba. Kwa hiyo mwiko uwe mrefu, mikono iwe imefunikwa, na watoto wakae mbali. Moto uwe mdogo. Anayetaka kumaliza upesi kwa kuongeza kuni atamaliza upesi kweli, kwa kuunguza. Sufuria iwe pana, maana maji hutoka kwa juu, na bora isiwe ya alumini tupu, kwa kuwa asidi huila alumini. Ya chuma kisichoshika kutu ni nzuri zaidi. Kama unayo ya alumini peke yake, pika, lakini usilaze rojo humo usiku.

Utajuaje limeiva? Vitabu vya mapishi husema jamu huwa tayari ikifika nyuzi 104 au 105 za joto. Nilipousoma ujumbe huo nikakumbuka somo la Fizikia. Nyuzi hizo ni za mtu anayepika karibu na usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Kitui uko zaidi ya mita elfu moja juu, na maji yetu huchemka yakiwa kwenye nyuzi 96 hivi. Kwa hiyo jamu yetu huiva kwenye nyuzi 101 hivi. Mtu wa Kitui akingojea 105 kwa sababu kitabu kimesema, atapata gundi. Na asiye na kipimajoto atie tone kwenye sahani baridi, angoje kidogo, alisukume kwa kidole. Likijikunja, tayari. Likitiririka, rudi kukoroga. Mama yangu hutumia njia nyingine: huvuta mwiko katikati ya sufuria na kutazama kama njia inabaki wazi kabla rojo halijaifunika. Hajawahi kukosea, na hakusoma Fizikia.

Dakika za mwisho tia tangawizi iliyopondwa, au iliki, au mdalasini. Si vyote vitatu jamani, tunapika embe, hatupiki duka la viungo. Chupa ziwe zimechemshwa kwenye maji kwa dakika kumi, zijazwe rojo likiwa moto, zifungwe, kisha zirudishwe kwenye maji yanayochemka kwa robo saa. Chupa iliyofungwa hivyo, ikiwekwa mahali pasipo na jua, hukaa miezi mingi. Ya kwetu ya Februari tuliifungua Agosti, wakati hakuna embe hata moja kwenye mti, na ilikuwa kama ilivyofungwa.

Sasa hesabu, kwa sababu najua walimu wa hesabu watasoma hapa. Kilo sita za nyama zina sukari yake ya asili, tuseme asilimia kumi na tano, ambayo ni gramu 900. Ongeza kilo mbili tulizotia, ni kilo mbili na gramu 900. Rojo linalokaa bila kuharibika linatakiwa liwe na sukari karibu asilimia 65. Basi gawanya. Unabaki na kilo nne na nusu hivi, yaani chupa tisa za nusu kilo. Maembe yale ishirini na tano broker angeyanunua yote kwa shilingi 250, kama ameamka vizuri. Dukani chupa moja tu ya jamu ya nusu kilo ni zaidi ya shilingi mia mbili. Toa bei ya sukari, toa ndimu, toa vifuniko vipya vya chupa, bado utaona ni nani aliyekuwa akitajirika.

Lakini nisiwe kama wale wanaosifu tu. Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, nayo ni kuni. Ukambani ni mahali pakavu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku makaa na mchanga kupelekwa nje ya kaunti, kwa sababu miti ilikuwa ikiisha na mito imebaki mashimo. Je, mimi nakuja kuwaambia watu wakate miti ili wapake mkate?

Nilikaa na mwalimu wangu wa Fizikia tukapiga hesabu. Kutoka kilo nane za nyama na sukari mpaka kilo nne na nusu, kuna lita tatu na nusu za maji zinazopaswa kuondoka kama mvuke. Kila kilo ya maji huhitaji kilojuli 2,260 kugeuka mvuke. Ukijumlisha na joto la kuichemsha sufuria yenyewe kwanza, unapata kama kilojuli 10,000. Kilo moja ya kuni kavu ina kama kilojuli 16,000, lakini mafiga matatu yaliyo wazi hupoteza karibu zote hewani. Pengine sehemu moja katika kumi ndiyo huingia sufuriani, au zaidi ya hapo kidogo. Kwa hiyo chupa tisa zinakula kuni kati ya kilo nne na sita. Mzigo mdogo. Ukizungushia mafiga udongo, uache mlango mmoja wa kuni na upepo usipite, utapunguza sana. Tena kwetu kuna kuni ambazo hazimkati mtu mti wowote, yaani mabua ya mbaazi. Kila shamba la Makueni lina mabua ya mbaazi baada ya mavuno, huwaka vizuri, na moto wake si mkali, ndio unaofaa hasa. Ongeza vigunzi vya mahindi na matawi ya miembe yenyewe yaliyopogolewa mwaka uliopita na kukauka. Nakubali kwamba kama kila nyumba ingepika magunia kumi, hoja ya kuni ingenishinda. Lakini debe moja au mawili kwa msimu, hapana, hainishindi.

Na moshi? Pika nje. Moshi wa ndani ya jiko lililofungwa umewaharibu akina mama macho na mapafu miaka mingi, na sitamwambia mama yeyote aongeze saa tatu za moshi huo. Uani chini ya mti, upepo ukitoka nyuma yako.

Hoja ya pili ni sukari kwa afya. Hiyo nitaipita haraka. Ni kweli, jamu ni sukari, na wenye ugonjwa wa kisukari wajihadhari. Lakini anayenunua ile nyekundu ya dukani asinifundishe hapo.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniudhi. "Hiyo ni kazi ya wanawake." Wanaosema hivyo husema wakiwa wamelala. Jambo la kuuliza ni kwa nini kazi hii huwashinda watu nyumbani. Ni kwa sababu mama mmoja, mwenye maji ya kuchota, ng'ombe wa kukamua na chakula cha kupika, hawezi kusimama kando ya sufuria saa tatu. Hapo sufuria inaungua, anakata tamaa, mwaka ujao hajaribu. Wazee wetu walikuwa na dawa ya kazi ya namna hii, nayo ni mwethya. Kazi ya mtu mmoja isiyowezekana huitiwa watu kumi, leo kwako, kesho kwangu. Kwa mwethya akina mama na akina baba walichimba matuta kwenye vilima vya Ukambani ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvikatia tamaa. Watu waliochimba milima watashindwa kukoroga sufuria? Wakikutana watu sita, kila mtu anakoroga nusu saa na kumenya nusu saa, na hakuna anayechoka. Waleta maembe hugawana chupa kulingana na debe walizoleta.

Kuuza ni jambo lingine. Chakula cha kuuza kinahitaji kukaguliwa na watu wa afya na kupata alama ya ubora ya shirika la viwango, na sipendi mtu asome makala hii kesho akaweke chupa kando ya barabara pale Emali. Anza kwa kula. Kikundi kikishakuwa na mkono, ndipo kifuate karatasi.

Nimebakisha suala la jina, maana hili ni gazeti la Chama cha Kiswahili. Jamu ni neno la kuazima na halinisumbui, tumeyaazima mengi. Lakini kitu tunachopika ni kizito kuliko jamu na kimetiwa sukari ndogo. Siagi ya embe itawachanganya watu, wataitafuta maziwa yake. Achari si yenyewe, hiyo ina pilipili na chumvi. Napendekeza tuliite rojo la embe, na mwenye jina bora alete kwenye mkutano wa chama, tujadiliane. Mlezi wa chama ameniambia analo lake ila hataki kulisema kabla ya sisi kuyamaliza yetu.

Mwisho, ombi langu kwa wakuu wa shule. Ndani ya ua wetu kuna miembe kumi na mmoja. Nimeihesabu. Msimu uliopita tulifagia maembe yaliyooza chini yake kila Ijumaa, kama kazi ya usafi, tukayamwaga shimoni nyuma ya vyoo, na saa nne ya Jumamosi tukapanga foleni kantini kununua mkate uliopakwa ile nyekundu. Naomba tupewe Jumamosi moja ya Februari, Chama cha Kiswahili pamoja na Wakulima Vijana. Kuni tutaleta za mbaazi kutoka shamba la shule, zimebaki rundo zima nyuma ya ghala. Sukari kilo nne tutachanga, shilingi ishirini kila mwanachama. Chupa tumeanza kukusanya na tunazo kumi na saba, tatu hazina vifuniko. Mpishi mkuu amekubali kutuazima sufuria pana kwa sharti moja, kwamba tuirudishe ikiwa nyeupe kama tulivyoikuta, na akasema atakuja mwenyewe kuitazama.